Stuli Mbili za Mninga

Kazi yangu ni kushona mapazia, na kwa sababu hiyo nimeingia katika sebule nyingi za Mwanza. Napima madirisha, na wakati mwenye nyumba bado anafikiria rangi, macho yangu yanatembea. Watu hutumia akili nyingi kuchagua makochi na televisheni, halafu zile meza ndogo za pembeni, ambazo wengi wetu tunaziita stuli, hununuliwa mwisho kabisa, kwa haraka, zozote zitakazopatikana.

Sisi tulifanya vivyo hivyo. Tulipohamia nyumba yetu ya Igoma, mume wangu alileta stuli mpya za mbao za kubandika, zile zenye karatasi juu iliyochorwa ifanane na mti. Hazikumaliza masika. Mgeni aliweka glasi ya maji baridi, maji yakapenya pembeni, ubao ukavimba kama andazi na karatasi ikabanduka. Nilizitoa moja moja mpaka zikaisha. Baada ya hapo wageni wetu walishika vikombe mkononi au waliviweka sakafuni karibu na miguu, na aliyetaka kupita alipita kwa tahadhari.

Nikamwambia mume wangu kwamba safari hii nataka za zamani. Alicheka.

"Mimi nimekua na vitu vilivyotumiwa na watu wengine, kuanzia shati mpaka godoro. Leo nina nyumba yangu, unataka kunirudisha huko?"

"Za zamani ni mbao kweli," nilimjibu.

"Haya, tafuta. Ila zisije na kunguni."

Nilitafuta kwa muda mrefu, kila kazi iliponipeleka mjini. Mwisho nilimpata mfanyabiashara mmoja Mabatini aliyeuza vyombo vya ndani vilivyotumika, na nyuma ya duka lake kulikuwa na stoo ya samani. Kwake ndiko nilikojifunza kuchagua. Ya kwanza niliyoipenda ilikuwa na miguu iliyochongwa vizuri sana, lakini nilipoipindua, unga mweupe ulimwagika kutoka kwenye vitundu vidogo vya wadudu. Niliirudisha. Nyingine ilikuwa nzima ila ndefu mno. Nilikuwa nimepima mkono wa kochi letu kwa tepu yangu ya kazini, na meza ile ingemfanya mtu aliyekaa ainue kiwiko kama anayeomba ruhusa ya kusema. Mwenye duka alishaanza kunichoka.

"Mama, wewe unanunua meza au unaoa?"

Siku nyingine alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa amepata stuli mbili za mninga, moja ina droo na nyingine haina. Hazikufanana sawasawa, na hilo halikunisumbua. Nilizipindua. Chini, ambako hakuna aliyepaka vanishi, mbao ilikuwa na ule wekundu wake wa asili. Miguu ilikuwa imechomekwa kwenye fremu, sikuona msumari hata mmoja. Mguu wa moja ulicheza kidogo, na juu ya ile yenye droo kulikuwa na alama ya duara, mahali ambapo kikombe cha moto kilikaa tena na tena.

"Zimetoka wapi?" niliuliza.

"Usagara. Mzee alifariki, vitu vinapunguzwa."

Nilizichukua. Fundi wa jirani yetu aliubana ule mguu kwa gundi, akataka na kupiga randa juu ili alama itoke na meza zing'ae kama mpya. Nilimkatalia. Nilizifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikazipaka mafuta mepesi, nikaziweka kila upande wa kochi kubwa. Mume wangu alizizunguka, akavuta droo, akaifunga.

"Hizi zitatuzika," alisema. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Haukupita muda akaja shangazi yake kutoka Majita, kutibiwa macho. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yake kufariki, kwa hiyo kwangu yeye ni mkwe hasa. Nilimsalimu shikamoo, akaitika marahaba, nikamkalisha kwenye kochi kubwa na kumwekea chai pembeni yake. Alipapasa ile stuli.

"Mbao nzuri hii. Mmetengenezesha wapi?"

"Hatukutengenezesha, shangazi. Nimenunua Mabatini. Zimetoka kwenye nyumba ya marehemu mmoja."

Alikichukua kikombe chake mezani, akakishika kwa mikono miwili mpaka chai ikaisha. Jioni alikula sahani ikiwa mapajani. Kesho yake vilevile. Hakusema neno baya, alikwepa tu zile meza kama mtu anavyomkwepa jirani waliyekosana naye. Mume wangu aliniita jikoni.

"Anaogopa vitu vya maiti. Ni mtu mzima, tusimsumbue. Ziuze tu."

Nilikasirika. Niliona tunashindwa na ushirikina katika nyumba yetu wenyewe. Siku mbili tatu nilipita mbele ya shangazi nikiwa na uso mgumu, na nadhani aliuona, hata kwa macho yale.

Jumapili baada ya ibada tulibaki wawili tu, mimi na yeye, tukichambua mchele. Bila kuulizwa akasema, "Umekasirika kwa ajili ya meza zako."

"Hapana, shangazi."

"Umekasirika. Sikiliza. Mimi siogopi maiti, nimeosha wengi. Mume wangu alipokufa, nilikuwa nimekaa ndani kwenye mkeka na wanawake wenzangu. Nilisikia vitu vinaburutwa sebuleni. Nikadhani wanatafuta nafasi ya wageni. Siku nilipotoka, sebule ilikuwa tupu. Ndugu zake walichukua viti, kabati, kila kitu. Kulikuwa na meza niliyoinunua mimi kwa dagaa wangu, nimewaanika mwenyewe juani. Nayo ilikwenda." Aliokota jiwe kwenye mchele akalitupa. "Nikiweka kikombe pale, naona mwanamke fulani amesimama kwenye sebule yake haina kitu."

Aibu ilinishika, maana moyoni mwangu nilikuwa nimeshamwita mshirikina. Mume wangu aliporudi nilimweleza. Alikuwa mdogo wakati ule, akijua tu kwamba shangazi yake alihama nyumba.

"Basi twende tukamuulize huyo mjane mwenyewe," alisema.

Mfanyabiashara wa Mabatini alishangaa, lakini alitueleza nyumba ilipo. Jumamosi tuliazima gari la rafiki, tukaenda Usagara sote watatu. Njiani nilikuwa na hofu ambayo sikuisema: kama yule mjane alinyang'anywa, zile meza zingerudi kwake, na nilishazipenda.

Aliyetufungulia alikuwa mama mnene mwenye kanga kiunoni na mikono yenye pumba. Tulimwamkia. Sebule yake kweli haikuwa na kochi hata moja. Sakafu nzima ilikuwa na vifaranga, chini ya taa, wanalia kwa pamoja. Ilibidi tukae uani.

Mume wangu alianza kueleza kwa kuzunguka. Shangazi akamkata.

"Mama, stuli zako za mninga tunazo sisi. Nani aliziuza?"

"Niliziuza mimi."

"Hela alipokea nani?"

"Mimi, kwa mkono huu." Aliuinua, na pumba zake. "Kwani kuna shida gani?"

Shangazi alimweleza yote, palepale uani, kuanzia mkeka mpaka dagaa. Yule mama alisikiliza, akatikisa kichwa, akavuta kigoda chake karibu.

"Pole, dada. Kwangu haikuwa hivyo. Watoto walitaka kila kitu kibaki kama baba yao alivyokiacha, mimi nikakataa. Marehemu alizipenda zile stuli kuliko wageni. Ukiweka glasi bila kitambaa, anakuondoa. Miaka yote ya ndoa nimefuta vumbi. Sasa nataka kuku."

Shangazi alicheka mpaka akafuta macho yake yanayouma. Wakaanza kuzungumza mambo yao, ukoo, dini, magonjwa ya kuku, na sisi wawili tukawa hatuna kazi. Niliuliza kuhusu ile alama ya duara. Yule mama akatazama pembeni kidogo, akasema ni yake, alikuwa anakunywa chai ya alfajiri mumewe akiwa bado amelala. Tuliondoka na trei ya mayai ambayo hakukubali tuilipie.

Shangazi alimaliza matibabu, akaanza kutafuta safari ya kurudi. Kabla hajaondoka aliniambia, "Nipeleke na mimi kwa yule wa Mabatini." Nilifurahi, nikamwonyesha kila nilichojifunza: pindua, tikisa mguu, tazama vitundu. Alinisikiliza kwa heshima. Halafu akapita mninga, akapita mkongo, akasimama mbele ya meza fupi ya ofisi iliyopakwa rangi ya bluu, imechubuka pembeni, aina ambayo mimi nisingeigusa.

"Shangazi, hiyo ina rangi mbaya."

"Nitaiona kwa mbali," alisema.

Tuliifunga kwa magunia, tukasimamisha basi la Musoma pale Igoma, ikaingia kwenye buti. Wiki iliyofuata alipiga simu. Hakuiweka ndani. Iko barazani karibu na mlango, anachambulia mchele hapo, na wapita njia wanasimama kuisifia.