Kikohozi Kwenye Chumba cha Cherehani

Walimwita Mama Vifungo kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa katika chumba kile cha cherehani saba: kushona vifungo vya sare za shule. Kwa utani hakuwa na mpinzani.

Jumatatu alifika macho mekundu, mwili ukimuuma kama aliyetwangwa.

"Kalale, mwanangu," alisema Bibi Pindo, mzee aliyekaa naye benchi moja, yeye akishona mapindo.

"Mafua tu, bibi. Yamewahi kumuua nani?"

Wenzake wakacheka. Baridi ilikuwa kali, na madirisha yalifungwa ili vumbi lisichafue mashati meupe. Mama Vifungo alikoholea kiganjani, akapokea mkasi, akaupitisha kwa mwingine. Bibi hakuona vizuri, hivyo kila uzi wake ulipokwisha, Mama Vifungo alilowesha mwingine kwa ulimi, akamtungia sindano. Bibi alishona, kisha akakata uzi kwa meno. Miaka kumi na moja walifanya hivyo.

Jumatano cherehani moja ilinyamaza. Alhamisi, tatu. Ijumaa zilibaki mbili, na Bibi Pindo hakuja.

Jioni Mama Vifungo, aliyekwishapata nafuu, alisikia kwamba amelazwa, akamfuata hospitalini. Muuguzi alimpa barakoa mlangoni.

"Mapafu yameshambuliwa. Anapumulia mashine."

"Si mafua tu, dada?"

"Haya si makamasi ya siku mbili. Ni homa ya mafua, huja kila msimu. Hupita kwa kikohozi, mate, mkono uliofuta pua. Wewe utainuka, mzee au mtoto mchanga huenda asiinuke. Na unaambukiza hata siku moja kabla hujajisikia vibaya."

"Kabla?"

Jumapili, siku moja kabla ya kuugua, alikuwa ameshinda amempakata kichanga cha mdogo wake. Alipiga simu papo hapo.

"Mtoto hajambo?"

"Anachemka, dada. Tangu asubuhi hanyonyi. Nilidhani ni meno."

"Meno ya miezi miwili? Mlete. Mlete sasa hivi!"

Mtoto aliruhusiwa baada ya siku sita. Siku hiyohiyo walimzika Bibi Pindo.

Baada ya maziko Mama Vifungo alimwendea binti wa marehemu, akamweleza yote bila kujitetea: Jumatatu, kikohozi, ule uzi.

"Mama alikuambia ukalale?" binti aliuliza.

"Aliniambia."

Binti aliingia ndani, akafunga mlango taratibu.