Sukari, Mchele na Harage

Kila asubuhi, kabla hata hajavua sweta, Hortense alikuwa akibonyeza kitufe kimoja cha kibodi ya dukani, taratibu, kama mtu anayeminya parachichi sokoni. "Bado mgonjwa," anasema juu ya kibodi hiyo. Kisha anakaa, anaanza kuchapa barua za watu.

Duka liko mtaa wa Kawempe. Upande mmoja yeye, Mkongo wa Bukavu, wote wakimwita Mama Reine. Upande wa pili Omolo, Mkenya wa maneno mengi, anaunda kibodi kwa oda. Chini ya kila kitufe anaweka swichi yenye kinundu: ukibonyeza, kidole kinakwama kidogo katikati, halafu kinapita. Wateja wanafuata kinundu hicho.

Shida ni kwamba Omolo macho anayo, vidole vya kuhisi hana. Kwa hiyo Mama Reine ndiye aliyemlinganishia swichi. Alikuwa anafumba macho na kuchapa Baba Yetu mpaka amina. Swichi mbaya ilimkwamisha kabla hajafika kwenye mkate.

"Hii ya kahawia ni punje ya sukari," alisema, "kidole hakijui hata kama kimepita kitu. Ya zambarau, mchele. Lakini hii nyeupe, weee! Hii ni harage."

Kwa kazi hiyo walipatana Omolo amuundie kibodi yake, ya harage, akachape mwenyewe nyumbani Kasubi. Kila akiuliza, Omolo anajibu, "Wiki ijayo." Miezi ikapita hivyo.

Ijumaa moja akauliza tena, mbele ya Safinah, mteja aliyekuja kuchukua oda.

"Mama Reine, unatuchezea na vyakula vyako," Omolo akacheka. "Swichi ni swichi! Nikufunge macho, nikuwekee kibodi tatu. Ukizijua zote, unabeba yako leo. Ukikosea, usiniulize mpaka Krismasi."

"Funga, papa."

Safinah akamfunga kwa kitambaa chake cha kichwa. "Unaona kitu, nnyabo?"

"Naona usingizi."

Omolo akapanga kibodi mezani. Mama Reine akachapa Baba Yetu kwenye ya kwanza. "Mchele." Ya pili. "Sukari, maskini." Ya tatu alifika mbinguni tu, akasimama. Akarudi kwenye ya kwanza, akabonyeza kitufe kimoja. Akarudi kwenye ya tatu.

"Omolo."

"Naam?"

"Hii pia mchele. Harage yangu iko wapi?"

Safinah akacheka mpaka akakalia karatasi za printa. "Iko kwenye droo! Nimemwona akiichungulia!"

Mama Reine akavua kitambaa, akafungua droo. Kibodi nyeupe, imekamilika, hata vumbi imeshakusanya.

"Hii iliisha lini?"

Omolo akakuna shingo. "Pasaka."

"Pasaka! Na sasa ni Agosti!"

"Nikikupa utaondoka, Mama Reine. Nani atanilinganishia swichi?"

Mama Reine akabonyeza kitufe kimoja cha ile nyeupe, taratibu, kichwa kimeinama. Mara hii hakusema mgonjwa. Akachukua sweta lake, akaifunga kibodi ndani yake kama mtoto mchanga, akaiweka kwapani.

"Lakini utakuja kunisaidia, si ndiyo?" Omolo akamwita akiwa mlangoni.

"Nakuja, papa," alisema bila kugeuka. "Wiki ijayo."

Akashuka ngazi. Hajaonekana Kawempe tena.