Kilo za Mdogo Wangu

Mwalimu wa ngumi wa mtaa wetu wa Dilala, hapa Kolwezi, ana hadithi moja tu, nayo ni ya Mfaransa aliyekufa zamani. Ukimsalimu asubuhi utaisikia. Akikuletea suruali ya kupunguzwa kiuno utaisikia tena, wewe ukiwa na pini mdomoni na huna namna ya kumkatiza. Mfaransa huyo alikuwa bingwa enzi za babu zetu, wakati wa ile vita ya kwanza ya wazungu. Alizaliwa katika nchi ya migodi ya makaa, kwa watu wasio na kitu, akaanza kupigana angali mtoto mwembamba. Kila alipokua alipanda daraja la uzito, akawapiga wa daraja hilo, akapanda tena, mpaka akafika kwa wanaume wazito na kuvuka bahari kwenda kupigania ubingwa wa dunia. Huko alipigwa, akaanguka. Mzee akifika hapo huvua kofia, kama vile aliyeanguka ni ndugu yake.

"Mama, ule mutu hakushuka kilo hata siku moja," huniambia. "Alikuwa anapanda tu. Mutoto anakomea, anakuwa mukubwa, kilo nayo inakomea. Ukimushusha, unamuharibu."

"Na ule Mufaransa alikuwa anakula nini, tata?" nilikuwa namjibu. "Juu huku kwetu, na bukari ya mara moja kwa siku, sijui mutu atapanda wapi."

Alikuwa akicheka. Yeye mwenyewe alijifunza ngumi akiwa kijana, katika ukumbi ambao kampuni ya migodi iliujengea wafanyakazi wake, na mpaka leo anafundishia humo humo. Mabati yametoboka, na mvua ikinyesha vijana wanarukia kamba pembeni penye ukavu. Gunia lao la kupiga nililishona mimi. Ndani nilijaza mchanga na vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye kazi yangu ya cherehani, kwa hiyo siwezi kusema sikushiriki katika mambo haya ya kupigana.

Mdogo wangu ndiye alikuwa bora kuliko wote. Silisemi hilo kwa sababu nilimlea tangu mama yetu alipofariki. Waulize hata majirani wasionipenda, nao si wachache. Alikuwa na mkono wa kushoto mwepesi na miguu isiyotulia. Lakini mchana alikuwa mchimbaji, kama vijana wengi wa hapa. Alikuwa akiteremka kwa kamba ndani ya shimo refu, anagonga mawe ya shaba na kobalti, anapanda na gunia mgongoni. Msimu mmoja wa mvua shimo la jirani liliporomoka. Walifukua kwa mikono, na aliyetolewa akiwa amekufa alikuwa rafiki yake, kijana aliyezoea kuja kula kwangu Jumapili. Tangu siku hiyo mdogo wangu aliogopa shimo. Hakulisema, lakini mimi nilimwona kila asubuhi alivyochelewesha kufunga viatu.

Ndipo ikaja habari kwamba Mfaransa mwingine, huyu wa siku hizi na mzima kabisa, atafika Lubumbashi kuangalia mashindano. Ana chama cha ngumi kwao, na alikuwa akitafuta kijana mmoja wa kuondoka naye, wa uzito mwepesi. Uzito huo ndio mdogo wangu aliopigania miaka yote. Mwalimu alileta habari hiyo mbio, koti limefungwa vifungo kombo. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti cha wateja, akainamisha kichwa, akalia. Nilikuwa sijamwona akilia hata siku ya mazishi ya rafiki yake.

"Yaya," akasema, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "nikipata hii, mi sirudi tena mu shimo."

Basi jambo lenyewe lilikuwa hilo. Akishinda, anatoka. Asiposhinda, shimo linamngoja.

Taabu ilikuwa kwamba amekua. Kubeba magunia kulimpanua mabega, na uzito wa miaka iliyopita haukumtosha tena. Mwalimu alitaka apande daraja, kama yule marehemu wake. Mdogo wangu akakataa, kwa sababu yule wa siku hizi hakuja kutafuta wa daraja la juu. Heri nusu shari kuliko shari kamili, nikamwambia mzee, tumpunguze kidogo kidogo. Nikaanza kumpikia majani ya mihogo bila mawese na kumkatia bukari, yaani ugali wetu, kipande cha mtoto. Alikimbia asubuhi kabla ya kwenda shimoni, amevaa makoti mawili, na watoto wakimfuata wakimwita mwendawazimu.

Ila kupunguza uzito kunataka mizani. Ya ukumbini ilikufa siku nyingi. Ya kituo cha afya mshale wake umeganda pale pale, apande mtu mnene, apande mwembamba, wote sawa. Mizani inayofanya kazi katika sehemu zetu iko kwenye depo, yaani vile vibanda vya maturubai kando ya barabara ambako wanunuzi wa madini wanapimia magunia ya wachimbaji. Mwenye depo moja alikuwa mpenzi wa ngumi. Akamkaribisha mdogo wangu apande bure kila Jumamosi.

Ikawa sherehe. Waliweka gunia la mwisho chini, mdogo wangu akavua shati na kupanda, na wachimbaji wote wakainama kusoma. Kila Jumamosi kilo zilikuwa zimeshuka. Watu walipiga makofi, mwenye depo akapiga kifua kama vile yeye ndiye aliyeshinda na njaa. Jumamosi ya mwisho mdogo wangu akafika ndani ya uzito wake na nafasi ikabaki, hata nikamruhusu yai moja. Mwalimu aliniambia kwamba labda mabingwa hawafanani wote, na kwake yeye kusema hivyo ni kama padri kuruka misa.

Tulisafiri watatu kwenda Lubumbashi kwa basi. Asubuhi ya kupimwa tulifika mapema. Mdogo wangu akapanda mizani ya mashindano akiwa na chupi tu, uso umechongoka kwa njaa lakini unacheka. Mpimaji, mtu mpole mwenye miwani, akaangalia, akamwambia ashuke apande tena. Alikuwa amezidi kwa kilo zaidi ya tatu.

Mwalimu alipandwa na hasira. Akasema mizani ni mbovu, akaita watu wote washuhudie. Mpimaji hakubisha, alipanda mwenyewe, akampandisha na bondia mwingine, na mizani ikatoa haki kwa kila mmoja. Mdogo wangu alikuwa amesimama na shati mkononi. Akasema polepole, "Yaya, balansi ya depo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kolwezi nzima inajua kwamba mizani za depo zinapunguza. Ndivyo wanunuzi wanavyokula: unaleta gunia lililokuvunja mgongo, wao wanalisoma jepesi. Mdogo wangu aligombana na mizani ile ile kila siku ya kazi, akirudi nyumbani anaitukana wakati ananawa mikono. Mimi nilimsikia. Wachimbaji waliompigia makofi walikuwa wametoka kuibiwa na mshale uleule dakika ile ile. Lakini ilipopanda ngozi ya mtu badala ya gunia, na mshale ukasema tunachotaka kusikia, tuliusadiki sote. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikasirika, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia, kwani mwenye depo hakuwa na nia mbaya siku zile za Jumamosi. Huenda alishasahau mwenyewe kwamba mizani yake inadanganya.

Mpimaji alitupa muda mpaka saa sita mchana. Mwalimu akanishika mkono pembeni.

"Mama, tumuandike kilo ya juu. Atapigana na nguvu yake yote. Bakimupiga, bamupige eko muzima."

"Mi sipande," mdogo wangu akajibu kabla yangu. "Muzungu eko anatafuta ba kilo hii. Tata, munisaidie. Yaya, nisaidie."

Nikamtazama mzee, naye akatazama chini. Kisha akavua koti lake.

Tulimfunga mifuko ya plastiki mwilini, juu yake blanketi nililosafiri nalo, tukamwingiza katika teksi ya rafiki wa mwalimu, vioo vimefungwa, juani. Alitoka jasho mpaka likachuruzika kwenye kiti. Tulimtoa akaruka kamba, tukamrudisha. Alikuwa akitema mate kwenye chupa, kwa kuwa hata mate yana uzito, na mate yalipokwisha alikaa amefungua mdomo bure. Nilimnyoa nywele zote kwa wembe wa kununua pale nje, na ndani ya povu kichwa chake kilikuwa cha moto. Aliniomba maji ya kulowesha ulimi. Nikamnyima. Nilikuwa nimemlisha mtoto huyo kwa mikono yangu, na siku hiyo kazi yangu ilikuwa kumnyima maji.

Ilipokaribia saa sita jasho likakoma. Mwalimu alimpapasa mgongo, akaniangalia kwa macho ya woga.

"Amekauka, mama. Tuache."

Mdogo wangu akasimama mwenyewe, akaenda kwenye mizani ameshika ukuta. Mpimaji aliangalia kwa muda mrefu, kisha akasema uzito umekubali. Watu waliokuwa pale wakashangilia. Mimi nilikuwa tayari na chupa ya maji na chumvi, na alipokunywa tumbo likakataa, akatapika karibu yote.

Pambano lilikuwa jioni ile ile. Yule Mfaransa alikaa mbele, kijana kiasi, shati limepigwa pasi, na nilimwona alivyoinuka kidogo kwenye kiti katika raundi ya kwanza. Maana ile raundi ya kwanza mdogo wangu alipigana kama yeye. Mkono wa kushoto ulifika kila ulipotumwa. Nilipiga kelele mpaka mama mmoja wa Lubumbashi aliyekaa mbele yangu akanigeukia, nami nikamwambia aangalie mambo yake. Nilimwona tayari ndani ya ndege. Naapa nilimwona.

Raundi ya pili miguu ilimgomea. Aliita miguu yake, nayo haikuja. Mpinzani wake hakumpiga ngumi ya maana. Alimgusa tu kwenye shavu, na mdogo wangu akakaa chini taratibu, akajaribu kuinuka, akakaa tena. Mwamuzi alimaliza kuhesabu. Nikawasukuma watu na kupita kwenye kamba, na ulimi wake ulikuwa mweupe na mkavu kabisa.

Mfaransa alikuja mpaka pembeni mwa ulingo. Alimpa mwalimu mkono na kusema, "Kuraje." Ni neno ambalo sisi tunawaambia wafiwa. Halafu akaenda kuongea na kijana aliyeshinda.

Usiku huo mkojo wa mdogo wangu ulitoka mweusi, tukampeleka hospitali. Daktari alitueleza kwa upole, kwa Kiswahili chetu, kwamba figo zimeumia. Zinaweza kupona kiasi. Ngumi, basi kabisa. Na asibebe kitu kizito, asifanye kazi ya joto na vumbi, anywe maji mengi. Mwalimu alikuwa amekaa ukutani, kofia mapajani. Nilitaka kumtukana, nikashindwa, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyesema tuache. Tangu siku hiyo hajanisimulia tena habari za Mfaransa wake, na akileta nguo anaziweka mezani na kuondoka.

Tulirudi Kolwezi. Mdogo wangu alilala nyumbani wiki kadhaa, nikampikia vizuri, na mwili ukarudi kidogo. Nikajaribu kumfundisha cherehani. Vidole vyake ni vinene, na mishono yake ilikwenda kila upande, nikamcheka, naye akacheka. Nilidhani huenda tukaishi hivyo. Nilikwenda kuomba kazi kwa niaba yake kwenye duka la simu, kwa mwenye kusaga mahindi, parokiani, na kila mahali waliniambia nirudi baadaye.

Asubuhi moja nikamkuta anafunga viatu. Hakuchelewesha. Kamba ilikuwa begani, na nje pikipiki ya taksi-moto ilikuwa ikiunguruma, wenzake wawili tayari wamepanda. Nikasimama mlangoni na kuziba kwa mikono yote miwili. Nikamkumbusha maneno ya daktari. Nikamkumbusha rafiki yake na jinsi walivyomfukua. Nililia, nikatukana, nikamwita kwa jina la utoto wake mbele ya wale wenzake.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Hakukasirika. Alinishika vifundo vya mikono kwa mikono yake, ambayo haijawahi kumpiga mtu nje ya ulingo, akaishusha yangu kutoka mlangoni.

"Sawa, yaya," akasema. "Nisiende. Uniambie basi, niende wapi?"

Alingoja. Kweli alisimama akingoja, na ndilo linaloniua, kwa sababu ningekuwa na jibu angevua kamba ile. Taksi-moto ilipiga honi. Nikaondoka mlangoni.