Jaribio la Athuman

Tharsisi Ndayisaba alikuwa mtu wa kompyuta katika hospitali moja ya Kibondo, na watu wengi pale walidhani kazi yake ni kupangusa vumbi. Hawakukosea sana. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabarani liliingia mpaka chini ya vitufe, na masika yakifika, radi ikimulika tu, yeye alishachomoa nyaya zote na kukaa ameshika tama. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta. Ulikuja ulipotaka na kuondoka bila kuaga.

Yeye ndiye aliyewashawishi wakubwa, mwaka 2012, waache makabati ya kadi waingie kwenye Jukwaa. Jina lake halisi lilikuwa refu na la kizungu, kwa hiyo pale hospitalini liliitwa Jukwaa, basi. Ilikuwa programu huria ya kuendeshea kazi za taasisi kubwa, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na haikuwa na mwenyewe mmoja. Mamia ya watu waliotawanyika duniani waliijenga kwa kujitolea, kila mmoja akirekebisha alipopaweza na kuwarudishia wenzake. Kitahana, kijijini kwao Tharsisi, jambo kama hilo halikuhitaji maelezo marefu. Mtu akisimamisha nyumba, majirani huja kukanyaga udongo, na hakuna anayeuliza analipwa nini. Alipomweleza mama yake hivyo, bibi yule alielewa kuliko mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali.

Jioni moja ya Machi 2013, Tharsisi alikuwa amekaa kwenye chumba chake kidogo kilichopakana na wodi ya wazazi, anaandikisha wagonjwa. Mkunga wa zamu alikuwa Epifania, mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya vijana wa mji ule na asiyeona haya kuwakumbusha. Kati ya chumba cha Tharsisi na wodi palikuwa na kidirisha. Alisikia mtoto analia, kisha sauti ya Epifania ikapita kidirishani: mtoto wa Zaitun, wa kiume, kilo mbili na nusu, kalia vizuri. Tharsisi akaandika. Kioo kikajibu kwamba imehifadhiwa. Alikuwa anaanza kumwandika mgonjwa mwingine umeme ulipokatika.

Zaitun alikuwa mke wa Omary, muuza vitenge wa sokoni, watu waliokuja na biashara kutoka upande wa Tanga. Usiku ule mtoto alishindwa kupumua, na alfajiri akafariki. Omary alikuwa amekwisha kumwadhinia sikioni na kumpa jina, Athuman. Kwa kuwa alizaliwa hai na akalia, alioshwa, akakafiniwa, akaswaliwa na kuzikwa kama mtu mzima mwenye jina lake.

Asubuhi umeme uliporudi, Tharsisi aliwasha mashine na kukuta kazi yote ya jioni imefutika. Hayo yalikuwa ya kawaida. Alichukua vikaratasi vya zamu, akaanza kuandika upya mgonjwa mmoja mmoja. Alipofika kwa Zaitun, Epifania alimwekea mkono begani.

“Huyo mwache, mwanangu,” alisema. “Kila akija kliniki atasomewa kifo cha mtoto wake. Tusimtoneshe kidonda.”

Tharsisi aliona ni huruma. Kwao watoto waliofariki wachanga hawakutajwa. Mama yake alikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa binti mwenye watoto wawili, na alifika Kitahana mikono mitupu. Tangu hapo alihesabu uzazi wake kuanzia kwa hawa waliozaliwa Tanzania, na hakuna mtoto aliyethubutu kumwuliza. Tharsisi alikua akiamini kwamba kunyamaza ndiyo namna ya kumstahi mfiwa. Akaacha nafasi ile tupu, akaendelea na mgonjwa aliyefuata.

Zaitun alirudi katikati ya mwaka 2014, ana mimba nyingine. Aliketi mbele ya Epifania kliniki, na kioo cha kompyuta kilikuwa kimegeuzwa kidogo upande wake. Alikuwa amesoma, hakuhitaji mtu wa kumsomea. Kilisema huo ni uzazi wake wa kwanza.

Hakupiga kelele. Alisimama, akajifunga vizuri mtandio wake, akamfuata Tharsisi chumbani kwake na kufunga mlango. Tharsisi alianza kumwamkia, akaishia njiani.

“Kaka Tharsisi, mwanangu alilia au hakulia?”

“Alilia, shemeji. Nilimsikia mwenyewe.”

“Sasa mbona hapa hayupo?”

Tharsisi alimweleza habari za umeme, na kwa kuwa hakuwa mwongo, alimweleza na habari za huruma yao. Zaitun alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema neno ambalo Tharsisi alilibeba mwaka mzima kama jiwe ndani ya kiatu. Alisema mtaani wapo waliokwisha kugeuza maneno, wanasema ile ilikuwa mimba iliyoharibika. Mama mkwe wake mwenyewe huko Tanga, aliyepata habari kwa simu mbovu, anasema hivyohivyo. Yeye alikuwa akijipa moyo kwamba angalau hospitali inajua. “Nyinyi ndio mashahidi wangu,” alisema, “na mmenifuta.” Akashika tumbo lake. “Na huyu je? Umeme ukikatika, naye ataambiwa hakuwahi kuja?”

Tharsisi aliona haya mpaka masikio yakamchoma.

Jambo la kwanza lilikuwa jepesi. Alikwenda kwa mganga mfawidhi, Epifania akafuatana naye bila kuitwa, wakasema walichofanya. Mganga aliwakaripia kiasi chake kisha akatoa ruhusa, na siku ileile Athuman akaandikwa: amezaliwa hai, amefariki alfajiri. Epifania ndiye aliyesoma maneno na Tharsisi akaandika. Mkunga yule aliyewazika wengi machozi yake aliyafutia kwenye kona ya kitenge, akasema ni vumbi.

Lakini swali la pili lilibaki palepale. Kioo kilikwisha kusema imehifadhiwa. Kwa nini basi kilichohifadhiwa kipotee? Tharsisi alianza kuifungua programu yenyewe na kuisoma, maana Jukwaa halikumficha mtu kitu. Ilimchukua wiki nyingi. Hatimaye aliona. Jukwaa lilikuwa na daftari lake la ndani, ambamo liliandika kila kazi mstari kwa mstari kabla ya kuipeleka ghalani, kwenye hifadhi ya kudumu. Umeme ukikatika ghafla, mstari wa mwisho hubaki nusu. Mashine ikiwaka tena, Jukwaa lilisoma daftari, likikuta ule mstari uliokatika linatupa ukurasa mzima, mistari mizima na mibovu pamoja. Athuman alikuwa mstari mzima. Alitupwa kwa sababu ya jirani yake.

Aliwaandikia wale wenzake wa dunia nzima, kwenye baraza lao la barua pepe. Walimjibu kwa adabu. Mmoja alisema kwake haitokei. Mwingine alimshauri anunue betri ya akiba, na Tharsisi akamjibu kwamba ile ya hospitali ilikufa siku nyingi, imebaki ya kukalia. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakiishi mahali ambapo umeme haukatiki, na kompyuta huzimwa kwa kuombwa izimike. Msimamizi wa sehemu ile ya Jukwaa alikuwa mama wa Poland, jina lake Halina, na yeye alimwandikia kwa kirefu. Utaratibu wao ulikuwa huu: maneno matupu hayapokelewi. Mwenye kudai kuna kosa aandike jaribio, yaani programu ndogo inayolitenda lile kosa mbele ya macho ya kila mtu. Kisha alete dawa ya kulirekebisha. Jaribio likifaulu, huingizwa ndani ya Jukwaa na kukaa humo, likirudiwa kila Jukwaa linapojengwa upya, ili kosa lile lisirudi kinyemela.

Basi Tharsisi akawa mtu wa barabara ya kwenda Kasulu, mji wa jirani. Kule intaneti ilikuwa na nguvu kidogo, na kule alikuwapo Shamsi, fundi simu wa karibu na soko, ambaye Jumamosi alifunga kazi mapema na kugeuza kibanda chake kuwa darasa. Vijana walikiita Kijiwe cha Java. Walikusanyika watano, saba, wakati mwingine zaidi, wanafundishana kwa mashine mbili kuukuu. Tharsisi alipowaeleza shida yake walimwachia mashine moja, wakaanza kuichomoa umeme makusudi: wanaandika jina, wanachomoa, wanachomeka, wanaangalia kama jina lipo. Mama ntilie wa jirani aliwatazama Jumamosi nzima, mwishowe akamwuliza Shamsi kama hawa vijana wamefiwa na akili.

“Bro, hata mimi sielewi,” Shamsi alimwambia Tharsisi jioni ile, “ila tuko pamoja mpaka kieleweke.”

Kilieleweka mwishoni mwa mvua za vuli. Jaribio lilionyesha kosa kila lilipoendeshwa, na dawa aliyoandika Tharsisi, iliyosahihishwa na Shamsi na kupanguliwa mara kadhaa na Halina, ililiponya. Sasa mstari uliokatika ndio pekee ulioachwa. Mizima yote ilipona. Zaitun alikuwa amebakiza majuma machache. Tharsisi aliiweka dawa ile kwanza kwenye mashine ya hospitali yake, kabla ya dunia.

Ndani ya jaribio ilibidi liwemo jina la mtu wa mfano, yule anayeandikwa kabla umeme haujakatwa. Wengine huweka herufi zozote. Tharsisi alikwenda dukani kwa Omary, akaomba kuongea na wote wawili, akawaeleza anachotaka. Zaitun ndiye aliyejibu. Alisema waandike Athuman, bila jina la baba wala la mji, na waandike kwamba alizaliwa hai.

Halina alilikataa. Aliandika kwamba kazi ni nzuri, lakini jina lile libadilishwe. Kanuni yao hairuhusu habari za wagonjwa wa kweli. Je, huyu ni mtu wa kweli?

Tharsisi hakumjibu siku hiyo. Alikwenda Kitahana kumwona mama yake, akamkuta anamenya mihogo, akakaa naye kumsaidia. Baada ya muda aliuliza jambo ambalo hajawahi kuliuliza maishani mwake. Wale wawili waliobaki njiani waliitwa nani? Kisu cha bibi yule kilisimama.

“Havyarimana,” alisema. “Na mdogo, Esteri.” Alisema upesi, bila kufikiri, kwa kuwa majina yalikuwa mdomoni siku zote. Kisha akamtazama. “Mbona umechelewa kuuliza, mwana wanje, mwanangu?”

Tharsisi alilia. Mama yake alimwacha alie, akaendelea na mihogo.

Akamwandikia Halina siku iliyofuata. Alimwambia ndiyo, ni mtu wa kweli, aliishi tangu jioni hadi alfajiri. Kanuni yao ni nzuri, inalinda siri za watu; lakini huyu wazazi wake hawaombi siri, wanaomba kinyume chake. Mashine yetu ilimsahau, aliandika, na kumsahau kwake ndilo kosa tunalolitibu. Ridhaa ya wazazi ninayo. Siku zikapita kimya, mpaka Shamsi akaanza kusema wabadilishe tu jina yaishe. Kisha jibu likaja, fupi. Halina alisema ameongea na wenzake wote wa usimamizi, hakuna aliyepinga. Jina libaki.

Mtoto wa pili wa Zaitun alizaliwa Januari 2015, saa nne asubuhi, wa kike. Wakamwita Shadia. Tharsisi alikaa chumbani kwake akisubiri umeme ukatike, na siku hiyo, kwa sababu unazozijua wenyewe, haukukatika hata mara moja.

Toleo jipya la Jukwaa lilitoka baada ya masika. Tharsisi alibeba kompyuta ya mkononi mpaka dukani kwa Omary, akaiweka juu ya meza ya kupimia vitenge. Zaitun alikuja na Shadia mgongoni. Tharsisi alimweleza kwamba kila mtu anayejenga Jukwaa, awe Poland, Brazili au Kasulu kwa Shamsi, mashine yake hulazimika kwanza kufanya hivi. Isipofaulu, kazi yote husimama. Akabonyeza.

Mistari ilipita upesi. Akaisimamisha mahali pake, akamwonyesha kwa kidole. Ameandikwa mtoto, Athuman, amezaliwa hai. Umeme umekatwa. Umeme umerudi. Anaulizwa Athuman. Amepatikana.

Zaitun alisoma kwa midomo, bila sauti. Omary aligeuka akaanza kupanga vitenge vilivyokwisha kupangwa.

“Na hii wanaifanya kila siku?” Zaitun aliuliza.

“Kila siku, shemeji. Mahali pengi.”

“Wanamwita jina lake?”

“Wanamwita.”

Alimvuta Shadia kutoka mgongoni, akampakata, akamgeuza uso uelekee kwenye kioo.

“Rudia,” alisema. “Aone kaka yake.”