Nilivyolala Kaburini kwa Ajili ya Mpira wa Mafuta

Mimi ni mtu wa kinyongo, na sioni haya kusema. Wenzangu husahau, mimi sisahau. Nyapara wetu wa kambi ya barabara nilimchukia mpaka nikawa nachukia hata namna alivyokuwa akipuliza chai. Akipuliza tu, damu inanichemka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nasi tunapanua barabara ya kutoka Morogoro kwenda Matombo, pale kwenye kona za Kiroka. Mimi nilikuwa fundi wa tingatinga. Tingatinga letu lilinyanyua jembe lake la mbele kwa nguvu ya mafuta: pampu inasukuma, mafuta yanapita kwenye mipira minene iliyofumwa waya ndani, yanaingia kwenye silinda mbili, na lile jembe zito linapanda. Mpira ukipasuka, jembe linashuka. Na halishuki polepole.

Mpira hauchakai kwa siku moja. Kwanza unakauka na kupasukapasuka juu kama kisigino cha mkulima. Halafu unatoa malengelenge. Halafu unaanza kutoka jasho la mafuta kwenye kiungo, vumbi linaganda hapo, na mwisho waya za ndani zinachungulia nje. Mpira wetu wa kulia ulikuwa umekwisha kufika huko kwenye waya. Nikamwendea nyapara.

"Mtani," nikamwambia, "mpira wa kulia umekwisha. Tusimamishe mashine."

"Wewe kila siku umekwisha, umekwisha," akasema. "Bibi yako naye umekwisha kumzika? Funga na mpira wa baiskeli, tia waya juu, tufanye kazi."

Nilimwita mtani kwa sababu alikuwa mtani wangu kweli. Kwetu Uluguru koo zina watani wao, na ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Tulitukanana tangu asubuhi hadi jioni na hakuna aliyenuna. Kwenye msiba, watani ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaofagia nyumba ya wafiwa, na ndio wenye ruhusa ya kumcheka marehemu hadharani. Kwa hiyo bibi yangu hakunikera. Kilichonikera ni kwamba mipira mipya ilikuwa imekuja. Niliiona kwa macho yangu stesheni ya Morogoro ikishushwa kwenye behewa, miwili, imezibwa vizibo vya mti kwenye ncha zake, na nilifurahi kama nimeletewa mimi. Nilipomkumbusha, akaniambia niliona mipira ya lori.

"Mipira ya lori ina nati za namna ile? Mimi mtoto?"

"Mtoto ndiyo. Kafunge."

Nikafunga. Ningefanya nini? Yeye ndiye nyapara.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ile ile, kazi yake kupaka grisi. Siku ile kisiki kikang'ang'ania chini ya jembe. Sheria ya kazi ni moja tu: kabla mtu hajaingia mbele, jembe linalazwa chini. Nyapara akapiga kelele kutoka juu ya ukingo, "Ingia, ingia, unangoja nini?" Mdogo wangu akaingia, jembe likiwa juu. Mpira ukapasuka paa! Mafuta ya moto yakaruka mpaka kwenye majani ya migomba, na jembe likamshukia mguu chini ya goti. Hospitali walimaliza kwa msumeno kazi ambayo jembe lilikuwa limeianza.

Kabla bwana injinia hajafika kutoka mjini, ule mpira uliopasuka ulikuwa umekwisha kuchomwa pamoja na matambara ya mafuta. Nyapara akasimama wima, kofia mkononi, sauti ya huzuni, akasema mpira ulikuwa mzima na kijana mwenyewe ndiye aliyelegeza nati kwa uzembe wake. Uzembe! Mimi nikasema yangu, nikaambiwa ninamtetea ndugu. Basi mdogo wangu akarudishwa nyumbani na jina la mzembe. Nani asiyejua Uluguru ilivyo? Kwetu hakuna mahali pa tambarare hata pa kuweka kiti. Bila mguu, milima ile ni jela. Alikuwa akiteremka kwenye shamba lake la kabichi kwa makalio, kijana wa watu, na wapita njia wakimwona wanageuza macho.

Baadaye ikaja mipira mingine, na bwana injinia akaamuru yote ibadilishwe. Nikaibadilisha mimi, na sijawahi kufanya kazi kwa chuki namna ile. Unalaza jembe mpaka liguse ardhi. Unazima mashine, kisha unavutavuta mkono wa kunyanyulia jembe huku na huku ili msukumo uliobaki ndani utoke. Unafuta vumbi lote kabla hujagusa nati, maana mchanga kidogo ukiingia utaila pampu. Unatumia spana mbili, moja ya kuzuia na moja ya kukaza, mpira usijisokote, kwa sababu uliojisokota hauishi muda mrefu. Ukitaka kujua kama unavuja, unapitisha kipande cha boksi, hupitishi mkono, mafuta yale yana nguvu ya kutoboa nyama. Kila nati niliyokaza niliikaza huku namtaja yeye moyoni.

Nilipowasha na kunyanyua jembe kuijaribu mipira, nani akaja kusimama mbele? Yeye. Pale pale alipochutama mdogo wangu. Anakagua, mikono mgongoni, ananiuliza kama kazi imekwisha. Mkono wa jembe niliushika mimi, na ulikuwa mwepesi, kuugusa tu. Nasema wazi, nilitaka. Kilichomwokoa si wema wangu. Niliona akifa atakwenda na jibu langu, na mdogo wangu atabaki mzembe mpaka kufa. Mimi nilitaka maneno yatoke kinywani mwake, mbele za watu, mipira miwili ilikwenda wapi.

Nikangoja. Masika yakapita, vuli ikapita, kisha mama yake akafariki, huko juu kwao milimani, na habari ikaletwa kwetu watani. Mungu anisamehe, nilipoipokea nilifurahi. Nikamwambia mjomba, ndiye aliyekuwa akituongoza, kwamba nami nitakwenda kuchimba. Mdogo wangu nikambeba mgongoni, nikamwambia, "Leo utasikia kwa masikio yako."

Tulichimba kaburi vizuri. Mambo ya utani yakaenda kama kawaida: shangazi zetu walivaa kofia za wafiwa, wakamwigiza marehemu alivyokuwa akigombana na kuku, watu wanalia huku wanacheka. Katekista alikuwa amekunja uso tangu asubuhi, lakini watani hawaombi ruhusa kwa katekista. Jeneza lilipoletwa, nikaruka kaburini nikalala chali, mikono kifuani.

Hilo nalo ni la kawaida. Mtani akilala kaburini hakuna wa kumtoa kwa nguvu. Wafiwa wataleta jogoo, wataleta kibuyu cha pombe, watambembeleza, ndipo atoke. Watu wakapiga vigelegele. Nyapara akaja ukingoni na jogoo, anatabasamu kinyonge.

"Haya mtani, shika chako utoke."

"Sitaki jogoo," nikasema. "Nataka mipira. Mipira miwili ya tingatinga ilikwenda wapi?"

Tabasamu likamtoka. Watu wakacheka, wakadhani ni nakshi ya utani tu. Akaleta jogoo wa pili. Nikamwambia amfuge. Akaleta kibuyu, nikamwambia anywe mwenyewe, kwani anapohitaji ujasiri anapajua.

"Toka humo, shetani wee!" akasema katekista.

"Natoka na jibu, mwalimu. Ndugu yangu alilegeza nati, au hakulegeza?"

Wingu likateremka kutoka kileleni kama linavyoteremka kwetu, bila kupiga hodi, na mvua ikaanza. Maji yakaanza kuniingia mgongoni, udongo mwekundu ukawa uji. Jeneza lilikuwa la mbao nyepesi, na wabebaji walikuwa wamesimama nalo mabegani. Dada zake wakaanza kulia kilio kingine, si kile cha kwanza. "Mjibu, kaka! Mama analowa! Mjibu!" Mimi nikafumba macho. Nilikuwa natetemeka kwa baridi na nilikuwa na raha, raha ambayo sijaipata tena.

Nikamsikia akisema, "Nilimpa mtu wa stoo wa shamba la mkonge."

"Sema kwa sauti, marehemu asikie."

"Nilimpa mtu wa stoo wa shamba la mkonge! Akanipa bati. Zile pale." Nikafumbua macho, nikamwona ameinua mkono kuelekea nyumba ya mama yake, nyumba pekee ya bati kwenye mteremko wote ule. "Mipira ilikuja. Kijana hakulegeza kitu. Ule wa zamani ulipasuka, na niliuchoma mimi mwenyewe."

Mvua tu, inapiga juu ya zile bati, inasikika mpaka kaburini. Nikajiambia, sasa watamgeuka.

Ndipo shangazi yangu, shangazi yangu mimi, akapiga kigelegele kirefu. "Loo! Amekamuliwa huyo! Mguu kwa bati! Watani wetu ghali jamani, mguu kwa bati!" Na watu wote wakaangua kicheko. Walicheka wabebaji mpaka jeneza likayumba. Alicheka hata katekista, kajifunika kinywa kwa mkono. "Mguu mmoja bati ngapi, mtani?" mmoja akauliza, na mwingine akajibu kwamba kwa miguu miwili angejenga na jiko. Nilimwangalia nyapara. Nilimwona akivuta pumzi, mabega yakamshuka, naye akacheka. Aliokoka pale pale, mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyemwokoa.

Nikatoka, maana mtani aliyelipwa hana la kusema. Tukazika. Watu walipokuwa wakinawa, nikaanza kuwazungukia mmoja mmoja. Nilitaka wawili tu wa kuja nami kwa bwana injinia, waseme walivyosikia. Kila mmoja alinipigapiga begani. "Ah, fundi, leo umetuvunja mbavu!" Nikamwambia mjomba kwamba haikuwa mzaha, yule bwana alisema kweli.

"Najua alisema kweli," akasema mjomba. "Lakini umeyapata kwa utani, mwanangu. Ya utani hatuyapeleki ofisini. Ungetaka kesi ungekuja mchana mwingine, ukabisha hodi kwake kama watu wengine. Sasa ukiyatoa hapa, sisi na watu hawa tutazikana vipi tena?"

"Na mguu wa mwanao?"

Nyuma ya mjomba, nyapara alikuwa anakuja na wale jogoo wawili, amewashika miguu, vichwa chini. "Haki yako, mtani," akasema mbele ya wote. "Leo umenishinda." Na watu wakapiga makofi. Nisingepokea, ningekuwa nimewatukana wazee wangu wote waliosimama pale. Nikapokea. Nikawapa watoto wa shangazi hapo hapo, lakini nilipokea.

Mdogo wangu alikuwa ameketi chini ya upenu wa nyumba ile, magongo yake yamelala pembeni. Nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza, "Umesikia, lakini? Umemsikia akisema hukulegeza?"

"Nimesikia, kaka."

"Basi."

"Zamani walikuwa wakiniona wanageuza macho," akasema. "Leo wamenicheka." Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo, mimi ninayo ya kututosha sote wawili mpaka leo. Akanyoosha mikono nimbebe. "Twende kabla njia haijazidi kuteleza."

Nikampandisha mgongoni. Magongo akayashika yeye kifuani pangu, nami nikampitishia mikono chini, mmoja kwenye goti lake, mwingine kwenye kile kilichobaki. Tulipofika kwenye kijito tukawakuta watoto wanachota maji, wameshatutangulia na habari, wanaruka juu ya mawe wanaimba mguu kwa bati, mguu kwa bati. Nilitafuta jiwe kwa macho, nikaliona zuri, la kutosha kiganja. Lakini mikono yangu yote ilikuwa imemshika yeye.