Nimeiteka Kinole ya Mjomba

Leo nimeuteka mji wa mjomba, na sijaweza kunyanyuka kwenye kiti.

Ni gemu la vita la kompyuta, mimi na yeye tulikuwa tunacheza kwa zamu, kila mtu na kisiwa chake. Mji wake aliuita Kinole, jina la kijiji cha kwao mlimani.

Miezi miwili nimepanga kumvamia: manowari mbele, askari nyuma.
Alikuwa ananicheka, "Mpwa, unapenda kuvamia, mgongoni huangalii."

Alhamisi tumemzika.

Leo nikashusha jeshi. Kinole haina askari hata mmoja.
Nilipoiteka, ramani ikafunguka, nikaliona jeshi lake lote. Liko nyuma ya kisiwa changu, linanizuilia maharamia.

Sasa kompyuta imeandika: "Zamu ya Mjomba."

Jamani, mnisaidie. Nibonyeze nini?