Uso wa Ukingoni

Wateja walimwita Tulia, maana ndilo neno pekee walilolisikia kutoka nyuma ya kamera yake. Katika studio yake alikuwa na sheria moja: hakati ukingo wa picha. Bwana harusi angemsihi amwondoe mpita njia aliyetokea pembeni, naye angejibu, "Aliyeingia ameingia. Kwani wa pembeni si watu?"

Mikono ilipoanza kumtetemeka aliifunga studio. Binti yake akazichukua filamu zote, akazihamishia kwenye tovuti. Ukurasa ulijaa vipicha vilivyopangwa kama vigae ukutani. Ukibofya kimoja, kinakua.

Asubuhi moja akaja mdogo wake Tulia, kitinda mimba wao, akipapasa ukuta wa ukumbi. Macho yalikuwa yanamzimikia, na daktari alishasema hayatarudi. Alikuwa na haja moja tu: amwone mama yao kabla giza halijafunga. Mama alifariki yeye akingali ananyonya, na hakuwa mtu wa kupenda kamera. Alitokea katika picha moja tu, ya harusi ya jirani, kule ukingoni, uso mdogo kama punje ya harage.

"Shangazi, sogea hapa," binti akasema, akabofya.

Maharusi wakajaa skrini nzima, wanang'aa. Mama hayupo.

"Mwanangu, umemkata bibi yako!" Tulia akaruka kitini.

"Sijamkata, baba! Niliiambia picha ikikua ijaze skrini, ipendeze. Kinachozidi pembeni kinafichwa tu."

"Kinafichwa tu! Mimi maisha yangu yote sijaficha hata mbuzi wa mtu, wewe unaficha ukoo kwa kidole kimoja!"

"Gombaneni upesi basi," shangazi akasema. "Macho yangu hayana subira."

Binti akacheka kwa aibu, akafungua mipangilio ya tovuti. Akabadilisha: picha ikikua, ionekane yote, hata kama pande zitabaki nyeusi. Akaongeza na jingine: ukibofya mara ya pili, ifikie ukubwa wake halisi, uiburute utakako.

Akabofya. Ukingo wa kushoto ukarudi, na mwanamke amesimama mlangoni.

"Yule pale," Tulia akasema.

"Naona ukungu, kaka."

Binti akabofya tena, akaiburuta picha polepole. Ukapita ukuta, likapita bega, kisha uso ukapanda na kujaa skrini, mkubwa kuliko uso wa mtu aliye hai. Tulia aliipiga picha ile kwa mikono yake mwenyewe, na miaka yote aliamini mama alikuwa anaikwepa kamera. Kumbe alikuwa anaitazama moja kwa moja, anacheka.

"Alikuwa ananitazama mimi," Tulia akanong'ona.

Shangazi alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kidole chake kikafuata shavu, kikashuka mdomoni, kikasimama.

"Kaka, ana mwanya!"

Tangu utotoni alitaniwa kwamba mwanya wake aliuokota njiani, maana nyumba nzima hakuna mwingine aliyekuwa nao. Akagusa meno yake, kisha ya mama, kisha yake tena.

"Niifunge, shangazi?"

"Thubutu!"

Binti akaondoa mkono kwenye kipanya taratibu, kama mtu anayehofia kumwamsha aliyelala.